Mzani wa Marikiti na Safari ya Mlima Kenya

 

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, baada ya sala ya Alasiri, watu wa Marikiti walimwona mtu mzima mwenye kanzu na kofia ya viua akiingia katika duka la viungo, nyuma yake kijana amebeba shanta kubwa mgongoni kama mpagazi wa zamani. Mtu huyo alikuwa ni mimi, na kijana ni mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 17. Nalimwomba mwenye duka anipimie shanta lile kwa mzani wake wa magunia. Akalitundika, akatazama, kisha akacheka: "Sheikh, kilo 21 na nusu. Wahamia Lamu?"

Nikamwambia kwamba siendi Lamu, naenda Mlima Kenya. Akaacha kucheka. Akanitazama tumbo, akanitazama miguu, akasema, "Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi." Nikaitikia amin, na kwa hakika ile dua nilikuwa na haja nayo kuliko nilivyojua.

Yafaa nieleze asili ya jambo hili, maana wako wanaoniuliza hadi leo mtu wa Kibokoni, aliyezaliwa akisikia mawimbi ya Bandari ya Kale, ametafuta nini katika barafu.

Binti yangu asoma chuo kikuu. Alikuja nyumbani likizo akanikalia mbele kwa adabu, akasema: "Baba, tuko wasichana sita, na mwalimu wetu wa kike, twataka kupanda Mlima Kenya. Nakuomba ruhusa." Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la. Sikumwuliza siku wala njia. Kwa haki niseme kwamba nilikuwa na hoja ya kisheria, kwani mwanamke katika safari ndefu ahitaji maharimu wake. Lakini yeye alikwisha kulifikiria hilo. Akasema, "Ndugu yangu yuko tayari kunifuata." Kaka? Si kaka, ni mdogo wake. Lakini amebaleghe, ana akili timamu, na maharimu ni maharimu. Hoja yangu ikaanguka, nami nikabaki na hofu yangu peke yake bila ya kanzu ya fiqhi. Usiku ule mama watoto aliniambia maneno machache: "Kama hukumwamini kijana, nenda nawe. Lakini usimnyime mtoto kwa sababu wewe waogopa."

Basi nikasema nitakwenda.

Shanta lenyewe lilikuwa urithi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi katika safari za uwindaji, akiwafuata wageni waliokuja na bunduki kuwinda nyati na tembo huko bara. Kazi ile ilikoma mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Uwindaji katika dini yetu ni halali kwa masharti yake. Surat al-Maida imeeleza habari ya wanyama waliofunzwa kuwinda, na imemkataza aliye katika ihramu kuwinda mnyama wa bara. Lakini nchi ikiweka sheria kwa ajili ya kuhifadhi viumbe, muislamu huifuata. Babu alirudi Mombasa na shanta lake la turubai la kijani, lenye mikanda ya ngozi na bizimu za chuma, akalitundika ukutani. Alikuwa akitusimulia kwamba mabwana wale walisafiri na viti, meza, vitanda na beseni la kuogea, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua uzito wa beseni lake.

Nalilichukua shanta lile kwa mapenzi. Likiwa tupu, lina kilo 3.

Mwenye kusoma tarikhi ya mji wetu atajua kwamba suala la mizigo ya safari si geni kwa watu wa Mombasa. Misafara ya kwenda bara ilitoka katika pwani hii, na mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila 2, yaani kama kilo 32, mbali na chakula chake mwenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 alishuka katika bandari yetu Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, akija kuwinda. Wapagazi wake walizidi 200. Alichukua tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, na sanduku la vitabu la uzani wa kilo 27 hivi, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibike kwa mvua na jasho. Kila nikisoma habari hiyo hujiuliza, yule aliyelibeba sanduku, ikiwa alikuwa muislamu wa pwani, je, alijua amebeba nini?

Na upande wa pili wako waliokwenda na vichache. Mmishenari Rebmann alipotoka Rabai mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara, alikuwa na watu wachache na mwavuli wake. Na tarehe 11 Mei akauona mlima wa Kilimanjaro ukiwa na theluji, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walilikanusha kwa miaka. Tena mwaka 1943, Waitalia watatu waliofungwa katika kambi ya mateka wa vita huko Nanyuki, mkubwa wa shauri lao akiitwa Felice Benuzzi, walitoroka si kwa kurudi kwao bali kwa kuupanda Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kila siku. Vyombo vyao walivitengeneza kwa siri: nyundo zikageuzwa mashoka ya barafu, vyuma vya taka vikawa meno ya kufunga viatuni, kamba za vitanda zikawa kamba za kupandia, na ramani yao moja ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa katika karatasi ya kopo la nyama. Chakula walikidunduliza kwa miezi. Wawili wao walifika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini kukamilisha kifungo chao. Mtu akibeba kila kitu mgongoni mwake mwenyewe, hujifunza upesi kipi ni haja na kipi ni tamaa.

Turudi Kibokoni. Jioni ile baada ya mzani, mama watoto alitandika mkeka sebuleni akanitaka nimwage kila kitu. Akaanza kunihoji kama kadhi. "Sheikh, hiki cha nini?" Sufuria mbili. "Mwapika biriani?" Ikatoka moja. Kanzu tatu. "Utaswalisha Ijumaa juu ya mlima?" Zikatoka mbili. Mswala wa Kituruki mzito kama zulia ukatoka, pakaingia leso moja nyepesi ya kuswalia, kujifunika na kufungia vitu. Tafsiri ya Qur'ani yenye jalada gumu ikatoka, ukaingia msahafu mdogo wa mfukoni. Dawa zilikuwa nusu ya duka la dawa; zikabaki za kichwa, za tumbo, za shinikizo langu la damu, na bendeji. Mwisho akalishika blanketi langu zito la sufu, la kilo 3, nilionunuliwa na marehemu mama yangu mwaka niliooa. "Na hili?" Nikasema baridi ya huko huganda maji. Akasema, "Mna mifuko ya kulalia." Akaliweka kando. Nikanyamaza. Kumbukeni kunyamaza kwangu huko, kwani nitakuja kukutajieni mwisho wake.

Shanta la babu nalo lilirudi ukutani. Tulikodi mashanta mepesi, yenye mkanda wa kiunoni. Mkanda huo si pambo: ukifungwa barabara, sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyonga, na mabega hupumzika. Wapanda milima wengi hupendelea mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja katika tano ya uzito wa mtu. Binti yangu ana kilo 50, kwa hiyo mpaka wake ulikuwa kilo 10. Tulipopima mara ya pili lake lilikuwa kilo 8, na langu kilo 10 na nusu. Vilivyozidi, yaani chakula na vyombo vya pamoja, vilikuwa vya wapagazi wa msafara.

Sasa niwaeleze mama zetu juu ya nguo, maana hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea. Sisi ni watu wa pamba, na kwa joto la Mombasa pamba ni rehema. Mlimani pamba ni adui. Yashika jasho, yashika mvua, haikauki, na nguo mbichi mwilini penye baridi humaliza joto la mtu kabla hajatambua. Kanuni yao ni tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu nyembamba au ya nyuzi za poliesta, ipate kutoa jasho. Ya kati iwe sweta jepesi lenye manyoya bandia, la kuhifadhi joto. Ya nje iwe jaketi lisilopitisha mvua wala upepo. Ukisikia joto wavua moja, ukisikia baridi warudisha. Tabaka tatu nyembamba zina nafuu kuliko koti moja zito, kwani koti huna budi kulivaa lote au kulivua lote.

Wala msidhani mambo haya yataka fedha za kitajiri. Tulikwenda Kongowea kwenye mitumba. Kwa asubuhi moja binti yangu aliokota sweta mbili, jaketi la mvua, glavu na kofia za sufu, kwa bei isiyofika ya buibui moja jipya. Alinifundisha kulipima jaketi la mvua: aliteremsha matone ya maji juu ya kitambaa, akatazama iwapo yanateleza au yananyonywa. Stara haikuwa shida hata kidogo. Alivaa suruali pana, juu yake vazi refu la kupita magoti, na mtandio mwepesi wa poliesta uliobanwa kwa pini, na kofia ya sufu juu ya mtandio. Upepo wa mlimani hauna adabu. Mtandio wa kuning'inia hausitiri wala hauongezi joto. Na mahitaji yake ya kike aliyafunga katika mfuko usioingia maji, na mfuko mwingine wa kurudishia taka, kwa sababu mlimani hakitupwi kitu. Binti akienda safari kama hii, mama aketi naye ayazungumze haya mapema, asimwachie aibu ikawa ndiyo mwalimu.

Katika mifuko ya kulalia kuna aina mbili. Iliyojazwa manyoya ya bata ni myepesi na yenye joto jingi, lakini ikilowa huwa bure. Iliyojazwa nyuzi za kiwandani ni mizito zaidi, lakini hata ikilowa kidogo huhifadhi joto. Mlima Kenya una mvua nyingi, hata Januari na Februari ambayo ni miezi ya ukavu. Tukachagua za nyuzi, tukazifunga ndani ya mifuko ya nailoni. Wepesi si kila kitu. Kitu chepesi kisichofanya kazi yake ni mzigo pia.

Juu ya viatu, sheria ya mlima na fiqhi zilikutana, nami nikafurahi. Waongozaji husema uchague buti linalofunika vifundo vya miguu, lisiwe zito, kwa sababu uzito wa mguuni huchosha kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni: waunyanyua kila hatua. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wasema khofu inayojuzu kupakaswa katika udhu ni ile iliyovaliwa baada ya tohara kamili, inayofunika mguu pamoja na vifundo, na yenye nguvu ya kutembelewa. Msafiri ana ruhusa ya siku tatu na nyakati zake za usiku, na ukilivua ruhusa hukatika. Basi tulitawadha asubuhi kwa maji yaliyopashwa moto, tukavaa buti, na kutwa nzima tukapakasa juu yake bila ya kuutia mguu katika maji ya barafu. Tulipunguza sala na kuzikusanya kama wasafiri. Kuhusu kibla, sisi wa Mombasa twaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Mlimani huelekea kaskazini na kuinamia mashariki kidogo. Dira ndogo ya gramu chache ilitosha, kwani simu kwa baridi huishiwa nguvu haraka. Usiku ilale nawe ndani ya mfuko.

Chakula cha njiani kiwe kidogo kwa wingi, kikubwa kwa nguvu. Tulibeba tende, njugu, kashata za nazi na halua ya hapa hapa mjini. Bibi yao alishikilia mahamri na viazi karai. Tukavila vyote katika treni kabla ya kufika Voi, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kupunguza uzito bila ya kumvunja moyo mzee. Maji hayana ujanja: lita 1 ni kilo 1. Hujazwa kidogo kidogo penye vijito, na huchemshwa.

Wapo waliosikia maandalizi haya wakaniambia kwamba huku ni kukosa tawakkul. Nikawakumbusha sababu ya kuteremka ile aya ya Surat al-Baqara ihusuyo masurufu ya Hija. Ibn Abbas amesimulia kwamba walikuwako watu wa Yemen wakihiji bila ya chakula, wakisema wao wamtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Wakaamrishwa kuchukua masurufu, na wakafunzwa kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Yote mawili yabebwa, na lile la pili halina uzani mgongoni.

Tukaenda kwa treni kutoka Miritini hadi Nairobi, na kutoka hapo kwa gari hadi Nanyuki, penye mstari wa ikweta, kisha lango la Sirimon. Langoni mwongozaji alipima mizigo ya wapagazi mmoja mmoja. Nalipenda sana kuona vile. Kilimanjaro nako, Tanzania, mpagazi hapaswi kubebeshwa mzigo wa zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa. Nikawahutubia watoto pale pale juu ya hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ya kutowabebesha walio chini ya mikono yetu wasiyoyaweza, na kwamba tukiwabebesha tuwasaidie.

Sasa nitaje lile nililolinyamazia. Blanketi halikubaki Kibokoni. Nalilichukua kwa siri, nimelikunja ndani ya mfuko wa nailoni chini ya mikate. Baada ya mzigo wa mpagazi wetu kupimwa na kupitishwa, wakati watu wakipiga picha, nililifunga blanketi lile juu ya mzigo wake kwa kamba. Nalijiambia ni kilo 3 tu, na kijana ana nguvu.

Siku ya kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tulikwenda Shipton's, mita 4,200 na kitu. Njiani mvua ilitupata, ya mawe na maji, kwa saa mbili. Sisi tulikuwa na majaketi yetu. Yule kijana alikuwa na sweta la pamba na mfuko wa nailoni aliojitoboa tundu la kichwa. Blanketi langu lililowa chapa chapa. Alipofika kambini, nyuma ya wote, akiinama, nililishika ili nilifungue, nikashindwa kuliinua kwa mkono mmoja.

Enyi wasomaji, wiki iliyotangulia nilikuwa katika madrasa nikiwasomesha watoto wadogo Surat al-Mutaffifin, sura ya wenye kupunja katika vipimo. Niliwafafanulia vizuri kabisa muuza mchele anayetia kidole kwenye mzani. Nami nilikuwa nimesimama langoni, mbele ya mzani, nikaupita. Nilimwendea kijana yule mbele ya wanangu, nikamwambia nililolifanya, nikamwomba radhi na kumpa haki yake ya ziada. Akanijibu, "Hakuna neno, mzee. Tumezoea." Neno hilo la kuzoea lilinichoma kuliko lau angenilaumu.

Usiku ule nalilala kwa mfuko wa nyuzi, wala sikuona baridi. Mama watoto alikuwa amesema kweli. Lakini kichwa kilinianza, kisha kichefuchefu, na nikakikataa chakula. Katika kilele cha Lenana, mita 4,985, pumzi moja huleta oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile tunayoivuta Forodhani, na hata Shipton's ni pungufu sana. Mwongozaji akanikagua akasema, "Mzee, wewe hupandi. Ukizidiwa, tutakushusha usiku huu huu. Dawa ya mlima ni kushuka."

Binti yangu akaketi karibu yangu, akaanza kufungua kamba za viatu. "Baba, nami nakaa nawe."

Hapo ndipo nilipolijua shanta zito kuliko yote katika msafara ule. Tulikuwa tumepunguza sufuria, kanzu na vitabu, tumekata hata mpini wa mswaki kwa mzaha, na mzigo wenyewe ulikuwa mimi: mtu aliyekuja kumlinda mtoto ambaye alikwisha kupata mlinzi, kwa sababu hakuamini. Nikamtazama kijana wangu. Alikuwa anajaza maji ya moto katika chupa ya dada yake, na amekwisha kumwekea tochi ya kichwani karibu na mto. Hakuna aliyemwagiza.

Nikamwambia binti yangu, "Funga viatu vyako, mamangu. Ndugu yako yuko." Nikampa kijana jaketi langu la mvua alivae juu ya lake, na zile tende zilizobakia. Nikasema, "Dada yako ni amana kwako." Akajibu, "Naam, Baba," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kabla.

Waliondoka saa tisa za usiku. Nilitoka kwenye baridi nikawaangalia. Taa zao zilikuwa kama vijumba vya samaki vinavyovua kwa karabai huko kwetu, zikipanda polepole gizani. Nalikesha kwa adhkari na kutapika, kwa zamu. Alfajiri niliswali nikiwa nimeketi.

Walirudi saa nne asubuhi. Sitawaelezeni uzuri walioueleza, kwani mimi sikuuona. Binti yangu alinibusu mkono akasema, "Tuliswali Alfajiri njiani, chini ya kilele. Ndugu yangu alituswalisha." Basi. Nalikuja kujua baadaye, kwa mwalimu wao, kwamba mmoja wa wasichana aliishiwa nguvu akitaka kurudi peke yake, na kijana wangu ndiye aliyelibeba shanta lake hadi juu na kulirudisha.

Wakati wa kushuka, blanketi nalilibeba mwenyewe. Lilikuwa bado bichi. Yule mpagazi alitaka kunipokea mara tatu, nami nikakataa mara tatu.

Ndugu zangu na dada zangu, si kila familia itapanda mlima. Lakini sote tu wasafiri: tunakwenda Hija na Umra, tunakwenda Lamu kwenye Maulidi, tunahama nyumba, na ipo ile safari ambayo sanda haina mfuko. Kabla ya kufunga mzigo, mwageni kila kitu mkekani. Mwiteni mtu mwenye macho, aghlabu atakuwa mke au mama, akuulizeni kimoja kimoja ni cha nini, na mumjibu kweli. Pimeni kwa mzani, msipime kwa moyo. Na kama kuna mwingine atakayewabebea, fanyeni kwamba mgongo ni wenu. Mwanamke akiomba ruhusa ya jambo la kheri, mwangalieni kwanza yeye, kisha sheria, na hofu zenu ziwekeni mwisho wa safu.

Shanta la babu bado liko ukutani kwangu. Chini yake sasa kuna blanketi. Mama watoto aliniuliza nilipofika vipi limelowa lilhali lilibaki nyumbani, na hiyo ilikuwa mara ya pili kwangu kuomba radhi katika safari moja.

Mwenyezi Mungu atuhafifishie mizigo yetu, na atusamehe ile tuliyowatwisha wengine. Amin.